Mtego wa feromoni wa kantangaze: maoni ya mkulima wa nyanya wa Ilula

Kamwene wote. Leo naandika kuhusu mtego wa feromoni, yaani harufu ya kumvutia mdudu, wa kumnasa kantangaze, nondo ambaye viwavi wake wanakula nyanya. Ni ule wa plastiki wenye umbo la paa la nyumba, karatasi ya gundi sakafuni na kipande kidogo cha mpira katikati. Mara nyingi nikiingia duka la pembejeo hapa Ilula, mkoani Iringa, namkuta mkulima mwenzangu ameushika, anaugeuzageuza, anauliza bei, halafu anaurudisha kwenye rafu na kuondoka na chupa nyingine ya dawa. Mimi nimeutumia misimu kadhaa, kwenye nyanya za kiangazi za kumwagilia na kwenye za masika, na ningependa huyo mkulima ajue ameshika nini kabla hajaurudisha.

Jibu langu nalitoa mapema. Nunua. Ila usinunue ukidhani umenunua dawa. Mtego huu hauui kantangaze kiasi cha kuokoa shamba. Unakuonyesha kwamba nondo ameingia, ameingia kwa wingi gani, na wiki hii wameongezeka au wamepungua kuliko wiki iliyopita. Ukiutumia kwa kazi hiyo, pesa yake inarudi ndani ya msimu uleule, kwa sababu utaacha kupiga dawa wakati hakuna wa kumpiga, na utapiga mapema wakati yupo na viwavi wake bado ni wadogo.

Kwa nini tunahitaji kuonyeshwa? Kwa sababu nondo mwenyewe haonekani kirahisi. Ana urefu wa milimita 5 hadi 7, rangi ya kijivu yenye madoadoa ya kahawia na meusi, na mchana anajificha katikati ya majani. Unaweza kupita tuta zima asubuhi na usimwone hata mmoja. Jike mmoja anaweza kutaga mayai hadi 260 maishani mwake, na mengi anayataga katika siku chache za kwanza baada ya kupandwa. Yai halifiki hata nusu milimita. Kiwavi akitoka anatoboa jani na kuingia ndani, anakula nyama ya jani huku ngozi ya juu na ya chini zimemfunika. Ndiyo yale mabaka meupe yanayopitisha mwanga ukiliinua jani juani, na ndani yake unaona uchafu mweusi. Mkulima anapoyaona mabaka hayo shamba zima, kizazi cha kwanza kimekwisha kula na kingine kinajiandaa. Kiwavi akihamia kwenye tunda anapenda kuingilia karibu na kikonyo, mahali ambapo mchambuzi wa haraka hapaoni. Nyanya inafika sokoni Dar es Salaam, dalali anafungua tenga, anaona matobo, na bei mliyokubaliana kwenye simu inaanguka hapo hapo.

Mdudu huyu hakuwa wetu. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na mtaalamu wa kwanza kumwandika alimpata kutoka Peru mwaka 1917. Mwaka 2006 akaonekana Hispania, miaka michache baadaye yuko Afrika Kaskazini, na mwaka 2014 akathibitishwa Kenya na hapa Tanzania, kwa kuanzia Ngarenanyuki kule Arumeru. Wenzetu wa Nijeria walimjua vibaya sana: Mei 2016 jimbo la Kaduna lilitangaza hali ya dharura kwa ajili ya nyanya tu. Sisi wa Ilula tunaotegemea nyanya kusomesha watoto na kujenga hatuhitaji kuelezwa maana ya tangazo la namna hiyo.

Sasa bidhaa yenyewe. Ukinunua unapewa vitu vitatu: nyumba ya plastiki inayokunjwa kuwa pembetatu, karatasi yenye gundi, na kile kipande cha mpira ambacho kimelowekwa harufu inayofanana na ile anayoitoa jike wa kantangaze anapotaka dume. Dume anainusa, anaifuata, anaingia ndani na kunasa. Haivutii nyuki, wala haina madhara kwa anayechuma nyanya, na mtoto akipita karibu huna wasiwasi. Hilo peke yake kwangu ni jambo kubwa, kwani nimechoka kuona vijana wetu wanabeba pampu mgongoni wamevaa kandambili na fulana, dawa inawatiririkia hadi kiunoni.

Kuutundika ni kazi ya dakika chache. Nasimika mti, nafunga waya, na mtego unakaa kwenye kimo cha mimea yenyewe. Miche ikiwa midogo unakaa chini, mimea ikipanda na mtego unapanda. Watu wengi wanautundika juu kabisa kwenye nguzo ya uzio ili uonekane barabarani, na hapo unakuwa pambo. Kantangaze anaruka karibu na majani, na madume hutafuta majike hasa alfajiri na asubuhi na mapema, kwa hiyo mtego uwe pale walipo. Kwa kufuatilia tu, mitego 2 hadi 4 kwa hekta inatosha. Shamba la eka moja weka mmoja, au miwili kama shamba lina kona au limepakana na nyanya za jirani. Na uanze mapema, siku hiyo hiyo unapohamisha miche kutoka kitaluni, au hata kitaluni kwenyewe. Mtego uliotundikwa baada ya mabaka kuonekana umechelewa kwa kazi yake ya kwanza.

Kila Jumamosi nahesabu. Nina kalamu ya wino mzito, kila nondo niliyemhesabu namtia alama, na idadi naiandika kwenye daftari la shule pamoja na hali ya hewa ya wiki hiyo. Kwenye gundi wananasa na wadudu wengine, mbu, nzi, hata vipepeo wasiohusika, kwa hiyo tazama kwa karibu: kantangaze ana vipapasio vyembamba vyenye pete nyeusi na nyeupe zinazopokezana. Ukishamtambua mara moja hatakupotea tena.

Daftari hilo ndilo sehemu ya bidhaa ambayo haiuzwi dukani, na ndiyo yenye thamani kuliko zote. Namba ya wiki moja haisemi mengi. Namba za wiki kadhaa mfululizo zinasema. Kwa mfano hapa kwetu, Juni na Julai kuna baridi, na ninaona mtego unanasa kidogo tu. Ikifika Septemba, jua limekaza na mahindi yamekwisha kuvunwa siku nyingi, namba zinapanda ghafla. Sababu inajulikana: nondo huyu anaendeshwa na joto. Kwenye nyuzi 14 anahitaji siku 76 hivi kutoka yai hadi kuwa nondo, kwenye nyuzi 20 siku 40, na kwenye nyuzi 27 siku 24 tu. Hebu piga hesabu hiyo kwa mkulima aliyepanda mwishoni mwa Agosti. Kabla hajavuna mkono wa kwanza, ameshapata vizazi viwili vinavyopandiana. Anayepiga dawa kila Jumatatu kwa mazoea mwezi Julai anamwaga pesa, na huyo huyo akiendelea na ratiba ile ile mwezi Oktoba anazidiwa. Mtego ndio ulionifanya niache kupiga kwa kalenda.

Nieleze navyoamua, maana najua ndilo swali la wengi. Mtego ukinasa mmoja mmoja kwa wiki, sipigi kitu. Nakagua majani, nayachuma yenye mabaka na kuyatia kwenye mfuko wa plastiki, naufunga na kuuacha juani. Namba ikianza kupanda wiki mbili mfululizo, naingia ndani ya matuta na kuchunguza mimea kwa makini, hasa majani machanga ya juu, natafuta mabaka madogo ambayo kiwavi wake bado hajakua. Nikiyapata hapo ndipo naandaa pampu. Mtego unaniambia wakati wa kwenda kutazama, na jani ndilo linaloniambia wakati wa kupiga. Kuna watu wanauliza, namba ngapi? Sipendi kumpa mtu namba moja ya kushika kwa mashamba yote, kwa sababu mtego wa jirani yangu aliyezungukwa na viazi mviringo na mnavu hautalingana na wangu. Wewe jilinganishe na wiki yako iliyopita.

Hapo kwenye dawa naomba mnivumilie kidogo, kwani mtego bila dawa sahihi hauokoi nyanya. Kantangaze amezoea dawa nyingi za zamani. Anayetumia jamii ya pairethroidi kila wiki, kwa sababu ni rahisi na inaua inzi mbele ya macho yake, anaua zaidi rafiki zake, wale wadudu wanaokula mayai ya kantangaze. Dawa zenye emamektini, spinosadi au klorantraniliproli zinafanya kazi vizuri zaidi kwa kiwavi aliye ndani ya jani, lakini hata hizo zina mwisho wake: mwaka 2015 ulithibitishwa usugu kwa jamii ya klorantraniliproli kule Italia. Kwa hiyo badilisha jamii, na kubadilisha jamii maana yake usome kiambata hai kilichoandikwa kwa herufi ndogo kwenye lebo. Majina ya mbele yanaweza kuwa manne tofauti na ndani ni kitu kile kile. Dukani uliza kama dawa imesajiliwa na TPHPA, ile mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020 na kuchukua kazi za TPRI, ile taasisi ya zamani ya utafiti wa viuatilifu. Na zile siku za kusubiri kabla ya kuvuna ziheshimu, nyanya hizi zinaliwa mbichi kwenye kachumbari.

Tangu niwe na namba za mtego, pampu zangu kwa msimu wa baridi zimepungua sana. Msimu wa joto hazijapungua kwa kiasi hicho, nasema kweli, ila zinapigwa kwa wakati unaofaa, na tofauti naiona kwenye uchambuzi: matunda yenye matobo yanayotupwa pembeni ni machache, na fundi wa kufunga matenga hakai na rundo la kukataa miguuni pake.

Udhaifu wa kwanza wa mtego huu ni vumbi. Anayeujua upepo wa kwetu kiangazi, na magari makubwa yanayopanda kutoka Kitonga kwenye barabara kuu, ataelewa. Karatasi ya gundi inajaa vumbi kabla haijajaa nondo, na ikishakuwa hivyo nondo anatua na kuondoka. Watengenezaji wanasema karatasi inakaa wiki kadhaa. Hapa kwangu, kwa shamba la karibu na barabara ya vumbi, haikai muda huo. Nunua karatasi za ziada. Wakati wa mvua shida ni ndogo zaidi, ila upepo wa mvua unageuza mtego na maji yanaingia, kwa hiyo ufunge pande zote mbili.

Udhaifu wa pili ni mkubwa zaidi na hauko kwenye mtego, uko kwa wauzaji. Kile kipande cha mpira kina uhai. Kikishafunguliwa na kutundikwa kinafanya kazi wiki 4 hadi 6, na joto kali linakifupisha. Kabla ya kufunguliwa kinatakiwa kukaa mahali pa baridi, kwenye friji. Kuna duka moja, sitalitaja, nililokuta pakiti zimetundikwa mlangoni juani kama pipi. Nilikuwa na haraka ya kwenda shambani, nikanunua. Mtego huo ukakaa mweupe wakati majani ya jirani tuta kwa tuta yanaonyesha mabaka mapya. Mkulima asiyejua angesema shamba langu liko salama, na hilo ni hatari kuliko kutokuwa na mtego kabisa. Nilipobadilisha kipande kwa kingine kutoka duka lingine, gundi ikaanza kunasa asubuhi iliyofuata.

Duka ninalonunua sasa linaendeshwa na dada mmoja ambaye friji yake ya soda ina droo ya chini kwa ajili ya feromoni tu. Nilipomwendea mara ya kwanza aliniamkia, akanisikiliza, halafu akaniuliza, "Mama, umeshahamisha miche au bado?" Nikamwambia bado, wiki ijayo. Akasema, "Basi chukua nyumba na karatasi leo ukajifunze kukunja. Kidude chenyewe njoo uchukue siku unayokwenda kutundika, kikae hapa kwenye baridi." Angeweza kuniuzia vyote siku ile. Muuzaji wa namna hiyo ni wa kushikilia, na ninamsifu hapa kwa moyo wote. Ukiingia duka lolote uliza vitu viwili tu: kimehifadhiwa wapi, na tarehe ya mwisho ni lini. Akianza kuzungukazunguka, toka.

Jambo dogo la matumizi ambalo maelezo ya pakiti yanalisema kwa herufi ndogo: usikishike kile kipande kwa mkono mtupu. Vaa glavu au geuza mfuko wa nailoni. Mkono uliotoka kwenye dawa au kwenye feromoni ya mdudu mwingine, ule wa viwavijeshi vamizi vya mahindi kwa mfano, unaharibu harufu. Na kipande kilichokwisha muda usikitupe pale pale tutani, kwa kuwa harufu iliyobaki inaendelea kuvuta madume mahali pasipo na gundi.

Kuna mtego wa aina ya pili ambao lazima niutaje, kwa sababu ni wa bei nafuu na kwa mashamba yetu ya vumbi unafaa zaidi. Ni beseni la maji. Unachukua beseni pana la plastiki, unatia maji, unaongeza mafuta ya kupikia kidogo au sabuni ili nondo akitua azame, na unaning'iniza kile kipande cha mpira kwa waya juu kidogo ya maji. Vumbi halilisumbui beseni. Linanasa madume wengi kuliko karatasi, na kitu pekee unachokinunua ni kipande cha feromoni, beseni lipo nyumbani. Kazi yake ni kuongeza maji, na kiangazi ni kazi kweli, yanakauka haraka, na mbuzi wa jirani akipata upenyo anakunywa. Kwa kuhesabu napenda karatasi, kwa kunasa wengi napenda beseni.

Hapo ndipo wengi wanauliza: kwa nini tusijaze mabeseni shamba zima, tumalize madume, majike wabaki bila mume? Inaitwa kunasa kwa wingi, na kwenye shamba la wazi inashauriwa mitego 40 hadi 50 kwa hekta, sawa na 16 hadi 20 kwa eka. Kwenye nyumba kitalu iliyofungwa vizuri kwa neti mambo yanakuwa rahisi zaidi, idadi inashuka na nondo wa nje haingii. Kwenye shamba la wazi la eka moja, lililopakana na mashamba ya watu wengine wenye nyanya za umri tofauti, mimi sikushauri utegemee hilo. Dume mmoja anapanda majike kadhaa, kwa hiyo wachache wanaokosa kunasa wanatosha kuendeleza ukoo. Jike aliyekwisha kupandwa kwa jirani anaruka na kuja kutaga kwako, na mtego haumvuti kabisa. Na zaidi ya hapo, mwaka 2012 watafiti wa Ubelgiji walionyesha maabara kwamba jike wa kantangaze anaweza kutaga mayai yakaanguliwa bila kupandwa. Anayekuuzia mitego ishirini na kukuahidi kwamba hutapiga dawa tena anakudanganya.

Kinachosaidia mtego ufanye kazi ni usafi, na hapa nitasema kwa uchungu kidogo. Hapa kwetu mtu akimaliza kuvuna mkono wa mwisho, bei ikiwa mbaya, analiacha shamba limesimama. Mashina yamekauka nusu, matunda yameoza, na kila jani lina mabaka. Lile shamba ni kiwanda cha nondo kwa kijiji kizima. Daftari langu linaonyesha wazi: jirani akiacha mabaki, mtego wa upande wake unanasa zaidi ya ule wa upande wa pili. Ng'oa, fukia kwa kina au choma, siku hiyo hiyo. Viwavi wengi huingia ardhini kujigeuza, kwa hiyo kulima udongo baada ya kung'oa kunasaidia, na kupanda mahindi msimu unaofuata kunasaidia zaidi kuliko kurudia nyanya, bilinganya, nyanya chungu au viazi, maana hao wote ni chakula chake. Mnavu unaoota pembeni ni mboga nzuri, lakini ndani ya shamba la nyanya ni kituo chake cha kupumzikia.

Na matenga. Tenga linatoka hapa limejaa, linakwenda Dar, linarudi tupu na buu wa kantangaze amejibanza kwenye mwanya wa mbao. Hivi ndivyo mdudu alivyosafiri kutoka nchi hadi nchi, kwa mizigo ya nyanya na vyombo vyake. Mimi matenga yanayorudi hayaingii shambani. Yanakaa barabarani, yanakung'utwa na kuoshwa, na ndipo yanajazwa. Wiki ambayo malori mengi yamerudi na matenga, mtego uliopo karibu na njia ndio wa kwanza kuonyesha.

Kuhusu bei: nyumba ya plastiki unainunua mara moja na inakaa misimu, yangu ya kwanza bado nzima ingawa imepauka. Gharama inayojirudia ni kipande cha feromoni na karatasi. Kwa duka ninalonunua, kipande kimoja ni chini ya chupa ndogo ya dawa nzuri ya kantangaze. Kwa nyanya zinazokaa shambani miezi mitatu hadi minne utahitaji vipande vitatu hivi kwa kila mtego. Ukiepuka kupiga mara mbili tu zisizo na lazima, ukijumlisha dawa, maji na kibarua wa pampu, umeshalipa. Kwa mwenye robo eka bei inauma zaidi, na hapo nashauri majirani watatu wanne wenye vishamba vilivyoshikana wanunue mtego mmoja na kusoma daftari moja. Hapa kwetu kina mama wa kikundi chetu tunafanya hivyo upande wa bondeni, na anayehesabu anatuma namba kwenye kundi la simu jioni ya Jumamosi. Faida yake ni kwamba wote tunakagua majani wiki moja, na anayelazimika kupiga anajua wenzake wako hatua gani.

Nawapa watengenezaji nyota nne kati ya tano. Nyota moja naizuia kwa sababu mbili. Maelezo ndani ya pakiti niliyonunua mara ya mwisho yalikuwa kwa lugha za kigeni peke yake, na anayeyahitaji zaidi ni mkulima wa Ilula, wa Ngarenanyuki na wa Lushoto. Andikeni kwa Kiswahili, kwa herufi za kusomeka, namna ya kuhifadhi na muda wa kufanya kazi. Pili, tarehe ya kutengenezwa ichapwe kwenye kifuko cha kila kipande, kwani wauzaji hufungua boksi kubwa na kuuza kimoja kimoja, na tarehe inabaki kwenye boksi.

Wataalamu wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kule Nairobi, wamekuwa wakifanya kazi na nyigu mdogo kutoka Peru anayetaga ndani ya kiwavi wa kantangaze na kumuua. Siku akifika kwetu kwa wingi, shamba linalopigwa dawa hovyo halitamfaa hata kidogo, na mkulima mwenye mtego na daftari ndiye atakayeweza kumwachia nafasi.

Kwa anayepanda mwezi huu: nyumba moja na karatasi nne chukua sasa, kipande cha feromoni kichukue asubuhi ya kuhamisha miche, kwa muuzaji mwenye friji. Ukikwama kukunja hiyo plastiki, njoo Jumamosi wakati ninahesabu, nitakuonyesha.